Yandere: Mapenzi Yaliyougua Yanavyosukwa

Kiswahili kikitaka kumweleza mtu aliyependa kupita kiasi, hukimbilia maradhi na mauti: hajiwezi, ana kichaa cha mapenzi, amekufa ameoza. Kijapani kilipita njia hiyohiyo kilipounda neno yandere. Nusu ya kwanza, yan, imekatwa kutoka kitenzi yamu, kuugua, na hapa kinachougua ni moyo na akili. Nusu ya pili, dere, inatoka kwenye deredere, tanakali ya mtu aliyelegea kwa mahaba: macho yamerembuka, sauti imelainika, kila asemacho mwenzake kinamchekesha. Ziunganishe, unapata mhusika ambaye mapenzi yake yamegeuka ugonjwa.

Neno lenyewe halikutungwa na mchora manga yeyote, yaani hadithi za picha za Kijapani. Lilizaliwa miongoni mwa mashabiki wa Kijapani kwenye intaneti katika miaka ya 2000, walipokuwa wakiwapanga wahusika wa anime, katuni za Kijapani, na wa gemu kwa mafungu. Tsundere ni mkali wa mdomo lakini laini wa moyo. Kuudere ni baridi, hata akipenda uso haubadiliki. Dandere ni mkimya, anaongea tu na yule anayempenda. Yandere ni ndugu yao wa damu, na kinachowaunganisha wote ni ile dere ya mwisho. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona kisu, wanaona damu shingoni mwa sare ya shule, wanahitimisha kuwa huyu ni yandere, na dere hawakuitafuta hata kidogo. (Humu miisho ya hadithi kadhaa inafichuliwa, anayepanga kuzitazama ajue hilo mapema.)

Kipimo tunachokiamini ni kimoja. Mwondoe mpendwa kwenye hadithi, kisha uangalie kama ukatili unabaki. Ukibaki, huyo ni mhusika wa aina nyingine.

Kipimo hicho kinafanya kazi vizuri ndani ya Higurashi no Naku Koro ni, gemu ya kusoma iliyoanza kutoka mwaka 2002 na kuwa anime mwaka 2006. Rena Ryugu ana panga, ana macho yasiyopepesa, na ile kelele yake ya "Uso da!", yaani "Uongo!", inajulikana hata na wasioitazama. Picha zake hujaa kila panapotajwa yandere. Lakini kinachomsukuma Rena ni hofu na shuku zinazomla akilini, si penzi la mtu fulani. Wajapani wana neno lake: yangire, ambapo gire inatokana na kireru, kukatika, kama uzi uliovutwa hadi ukaachia. Shion Sonozaki, katika hadithi hiyohiyo, yuko karibu zaidi na yandere. Anaua kwa sababu Satoshi, kijana aliyempenda, ametoweka, na kila anayemwangusha anamhesabia dhambi dhidi ya Satoshi. Kijiji ni kimoja, damu ni ileile, mzizi ni tofauti kabisa.

Kuna pia menhera, neno lililofupishwa kutoka Kiingereza "mental health", afya ya akili, kwa matamshi ya Kijapani, nalo linamhusu mtu ambaye maumivu yake humgeukia yeye mwenyewe kwanza. Na kuna Misa Amane wa Death Note, anayebishaniwa kila mara. Misa aliuza nusu ya maisha yaliyombakia ili apate macho ya shinigami, miungu ya mauti, kisha akaiuza tena nusu ya kilichobaki, yote kwa ajili ya Light, kijana anayempenda. Hata hivyo Misa anataka atumiwe, awe mali ya Light. Yandere anataka mpendwa awe mali yake. Ndiyo maana sisi Misa tunamweka nje ya mstari, ingawa ni hatua moja tu.

Yuno na dakika kumi zake

Anayetaka kuielewa aina hii kwa mfano mmoja tu amsome Yuno Gasai wa Mirai Nikki, manga ya Sakae Esuno iliyochapishwa kuanzia 2006 hadi 2010, na anime yake ya vipindi 26 ikaanza kurushwa Oktoba 2011. Watu kumi na wawili wanapewa shajara zinazoeleza yajayo, nyingi zikiwa kwenye simu ya mkononi, na atakayebaki hai peke yake atakuwa mungu mpya.

Shajara ya Yukiteru Amano inaandika kila kitakachotokea karibu naye, isipokuwa yanayomhusu yeye mwenyewe. Shajara ya Yuno inaandika habari za Yukiteru tu, kila baada ya dakika kumi. Piga hesabu: habari sita kwa saa, 144 kwa siku moja. Yukki, ndivyo anavyomwita, anakula. Yukki amelala. Yukki ameogopa. Zikiunganishwa shajara hizo mbili mchezo wote unaonekana, ndiyo sababu Yukiteru, hata anapomwogopa Yuno, hawezi kumwacha. Na hapo fundi ameficha jambo zito kuliko visu vyote vya hadithi: shajara ya Yuno haimwambii chochote kuhusu Yuno. Msichana huyu hana kesho yake mwenyewe. Amekodi kesho ya mtu mwingine.

Tunaonyeshwa polepole kwa nini. Mama yake wa kulea alimfungia ndani ya kizimba kwa jina la malezi. Siku moja Yuno akawafungia wazazi wake kwenye kizimba hichohicho ili nao waonje, na wakafa humo kwa njaa. Akiwa amebaki peke yake duniani, darasani baada ya masomo, karatasi ya kujaza ndoto za baadaye ikiwa tupu mbele yake, anazungumza kidogo na Yukiteru, na kijana anampa jibu la kitoto kuhusu kuoana wakishakuwa wakubwa. Yukiteru alilisahau neno hilo. Yuno akalijenga nyumba na kuhamia humo.

Hii ndiyo mizani anayopaswa kuwa nayo mwandishi: tundu kubwa upande mmoja, kitu kidogo mno cha kulizibia upande wa pili. Mpendwa akiwa ametoa ahadi kubwa, kiapo kabisa, mhusika anakuwa mtu aliyesalitiwa na msomaji anamwonea huruma ya kawaida. Mpendwa asipokuwa ametoa chochote, anakuwa mwendawazimu wa barabarani. Neno moja lililotamkwa bila kufikiri ndilo linalotisha, kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kulitamka.

Zamani kabla ya simu

Wajapani walimjua mwanamke huyu karne nyingi kabla ya kumpa jina. Katika Genji Monogatari, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, yumo Bibi Rokujo, mpenzi wa Genji aliyemzidi umri, mwenye heshima kubwa na aibu kubwa zaidi. Siku ya sikukuu ya Kamo gari lake la ng'ombe linasukumwa kando na watumishi wa Aoi, mke wa Genji, mbele ya kadamnasi. Hakusema kitu. Lakini Aoi, akiwa mjamzito, anaanza kuugua, na mapepo yanapopungwa linajitokeza moja lisilotoka: roho ya mtu aliye hai.

Rokujo mwenyewe hajui anafanya nini. Anachogundua ni harufu. Katika matambiko ya kumponya Aoi, makasisi walichoma mbegu za mpopi, na Rokujo, aliyekuwa nyumbani kwake muda wote, anainusa kwenye nguo zake. Anabadilisha nguo. Anaosha nywele. Harufu iko palepale. Kwa maoni yetu hakuna anime iliyoifikia fremu hiyo: mwanamke peke yake, nywele mbichi, akijinusa kidole kwa kidole, akianza kuelewa usiku alikuwa wapi.

Mwingine ni Kiyohime. Mtawa kijana, Anchin, akiwa katika safari ya hija, anamwahidi msichana kwamba atarudi, kisha anapita njia nyingine. Msichana anamfuata hadi mto Hidaka. Mwenye mashua anakataa kumvusha. Anajitupa majini, na anapotokea ng'ambo ni joka. Anchin amejificha chini ya kengele kubwa ya hekalu la Dojoji, katika mkoa wa Wakayama wa leo. Joka linajizungusha kwenye kengele hadi shaba inawaka na mtawa anaungulia ndani. Kisa hiki kimeimbwa na kuchezwa katika tamthilia za No na Kabuki kwa karne nyingi, na Kiyohime huyohuyo yumo katika gemu ya simu Fate/Grand Order, iliyotoka mwaka 2015, ambamo kosa asilolisamehe ni uongo.

Tamthilia za No zilitupatia pia kinyago cha hannya: pembe mbili, macho ya dhahabu, mdomo uliopasuka hadi mashavuni. Mwigizaji akiinua uso, mwanga unakipiga na kinatisha. Akiuinamisha kidogo, kivuli kinaangukia paji la uso na kinyago kilekile kinaonekana kulia. Kuna ngazi tatu za vinyago hivi. Namanari ana vipembe vinavyoanza kuchomoza, bado ni mtu. Hannya wa kati ni nusu kwa nusu. Wa mwisho, anayeitwa ja, nyoka, hana masikio: hasikii tena la mtu yeyote. Mwandishi wa yandere akizishika ngazi hizo tatu atakuwa amepata ramani ya hadithi nzima.

Uso unavyochorwa

Alama ya kwanza ni jicho. Jicho la manga huwa na nukta nyeupe ya mwanga, sehemu ya karatasi iliyoachwa bila wino au iliyowekwa wino mweupe baadaye. Nukta hiyo ndiyo uhai. Kwa yandere inaondolewa, mboni inajazwa kivuli bapa, ukingo unabaki. Kitu kingine hakiguswi: nyusi zikae zilivyokuwa, tabasamu libaki. Kosa la wachoraji wanaoanza ni kubadilisha vyote kwa mpigo, nyusi zikashuka, meno yakatoka, kivuli kikatanda, kisu kikainuliwa. Hapo umechora hasira, na hasira kila mtu anaizoea ndani ya kurasa mbili. Kinachoganda damu ni uso uleule wa asubuhi, ukiwa umezimwa taa.

Sauti inafuata kanuni hiyohiyo. Mwigizaji mzuri wa sauti anashusha mwendo na ukubwa wa sauti badala ya kupiga kelele. Wenye kurekodi hukata mlio wa nyenje au wa feni katikati ya sentensi, na ukimya ule unasema yaliyobaki.

Halafu vyombo. Kisu cha yandere mara nyingi ni cha jikoni, kilekile kilichokata karoti za bento, chakula cha kufungasha, na hiyo si bahati. Jikoni ndipo dere yake inapoishi: anapika, anafungasha, anakumbuka usichokula. Katika anime ya Shuffle! ya mwaka 2005, Kaede Fuyou amesimama jikoni akimsubiri Rin, kijana ambaye Kaede ameishi naye na kumtumikia kwa miaka. Rin amepata msichana mwingine. Upawa unazunguka ndani ya sufuria, polepole, kama siku zote. Kisha tunaonyeshwa ndani ya sufuria, na hamna kitu. Hakuna tone la damu, na mashabiki wa Kijapani bado wanaikumbuka kwa jina la kara nabe, sufuria tupu.

Kaede ana mzizi pia. Wazazi wa Rin na mama yake Kaede walikufa katika ajali moja. Rin, akiwa mtoto, alijitwisha lawama kwa uongo ili Kaede apate wa kumchukia na hivyo apate sababu ya kuishi. Kaede alimtesa kwa miaka. Alipoujua ukweli, chuki yote ikageuka utumishi. Upendo wake ni deni, na mdaiwa anapoambiwa hadaiwi tena, anapoteza kazi yake duniani.

Panapoharibika

Anayetaka kumwandika mhusika huyu aanze na dere, na aipe muda. Msimu wa kawaida wa anime una vipindi kumi na viwili vya dakika kama 24. Ikiwa ugonjwa umeonekana wazi kabla ya kipindi cha tatu, hakuna kitakachopotea utakapolipuka. Katika hatua ya utamu, tia ufa mmoja mdogo kwa kila sura: anajua namba ya basi ulilopanda, ingawa hukumwambia. Anajibu ujumbe kabla hujamaliza kuandika wa pili. Amenunua kalamu kama yako, ya rangi ileile, na yako imepotea. Kila ufa uwe na maelezo yanayokubalika, la sivyo mpendwa ataonekana mjinga kwa kubaki.

Na hili la mpendwa ndilo linaloua hadithi nyingi. Kwa nini haondoki? Yukiteru habaki kwa upendo, anabaki kwa sababu bila Yuno atauawa. Rin anaishi na Kaede nyumba moja. Usipompa mpendwa pingu ya kweli, msomaji ataacha kumhofia yandere na kuanza kumkasirikia mwandishi.

Baada ya hapo huja kutengwa. Marafiki wa mpendwa wanapungua mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu ndogo. Kichocheo cha mwisho kiwe uongo kuliko kuonekana kwa mtu wa tatu, maana yandere amekuwa akijiandaa kwa wapinzani tangu mwanzo. Asichojiandaa nacho ni mpendwa mwenyewe kumdanganya. Kiyohime hakugeuka joka kwa sababu ya mwanamke mwingine, aligeuka kwa sababu ya ahadi ya uongo.

School Days ilifanya jambo ambalo wengi hawakulithubutu: ilimtwika lawama mpendwa. Ilianza kama gemu mwaka 2005 na kuwa anime mwaka 2007. Makoto Itou anawachezea Kotonoha na Sekai, na wengine zaidi, kwa uvivu wa kutoamua. Vipindi vya mwanzo ni mapenzi ya shule ya kawaida kabisa. Mwishoni Sekai anamchoma Makoto kisu, Kotonoha anamuua Sekai, na picha ya mwisho ni Kotonoha baharini kwenye boti, amekumbatia kichwa cha kijana. Ilipofika zamu ya kurushwa kipindi hicho cha mwisho, Septemba 2007, Japani ilikuwa katika mshtuko wa habari ya msichana wa miaka 16 huko Kyoto aliyemuua baba yake kwa shoka. Kituo cha TV Kanagawa kiliondoa kipindi na kuweka mandhari tulivu, ikiwemo meli ya abiria, na watazamaji wa intaneti wakaibuka na maneno "Nice boat", boti nzuri, ambayo yanaandikwa hadi leo kila Kotonoha anapotajwa. Tunaona uamuzi wa kituo ulikuwa wa haki kwa familia iliyofiwa. Utani ule umeifunika hadithi, na wengi wanaoujua hawajawahi kumhesabia Makoto makosa yake.

Kwa nini karibu wote ni wanawake

Japani ilipitisha sheria ya kuwadhibiti wanaowafuatafuata watu mwaka 2000, baada ya mwanafunzi wa kike wa chuo kuuawa huko Okegawa, Saitama, mwaka 1999, familia yake ikiwa imeshawaendea polisi. Sheria ilibidi ipanuliwe kadiri mbinu zilivyobadilika: mwaka 2013 barua pepe za mfululizo, mwaka 2016 ujumbe wa mitandao ya kijamii, mwaka 2021 kumfuatilia mtu kwa vifaa vya GPS. Katika uhalisia huo wengi wa watuhumiwa ni wanaume. Kwenye anime mizani imepinduliwa, na sababu si ngumu kuiona. Mtazamaji wa kiume anamtazama Yuno akijua kwamba barabarani hamwogopi msichana wa miaka 14, hivyo anaweza kuionja ndoto iliyo chini yake: kuna mtu duniani asiyeweza kuishi bila mimi. Mgeuze Yuno awe mwanaume, na ndoto inakuwa habari ya gazetini.

Yandere wa kiume wapo hata hivyo, hasa katika gemu zilizoandikwa kwa ajili ya wanawake. Toma wa Amnesia, gemu ya 2011 na anime ya 2013, ni rafiki wa utotoni, mpole, wa kuaminika. Anaanza kwa kumlinda shujaa wa kike dhidi ya wasichana wanaomwandama, na ulinzi unaishia kwenye kizimba alichokiweka chumbani mwake. Kizimba kilekile cha Yuno, ila sasa anayeshika ufunguo ndiye anayependa. Wachezaji wengi waliichukia njia ya Toma, yaani hadithi inayofuata mchezaji akimchagua yeye, na wengine waliipenda kuliko zote. Tunadhani mwandishi alifanya sawa kutompunguzia Toma upole hata akiwa mbele ya kizimba, maana upole ule ndio unaomfanya mchezaji achelewe kushtuka.

Gemu ya Kimarekani Doki Doki Literature Club ya mwaka 2017 ilikwenda mbele zaidi: Monika hampendi mhusika, anampenda aliyekaa mbele ya kompyuta. Anawafuta wasichana wengine kwenye faili za gemu, na ili umshinde lazima ufungue folda mwenyewe ulifute faili lake, monika.chr, kwa mkono wako.

Na Jujutsu Kaisen 0, manga ya 2017 iliyokuwa filamu mwaka 2021, ililigeuza swali lenyewe. Rika alikufa utotoni kwa ajali, akabaki kama zimwi la kutisha linalomzunguka Yuta na kumponda yeyote anayemgusa. Kila mtu, Yuta akiwemo, anaamini kwamba Rika ndiye aliyemlaani kwa mapenzi yake. Mwishoni inabainika kuwa ni kinyume. Siku ya ajali, mtoto Yuta alisimama barabarani akakataa kukubali kwamba amekufa, na kukataa huko ndiko kulikomfunga Rika duniani kwa miaka yote ile.